Krenki ya Baiskeli ya Zamani: Pima Kwanza, Nyundo Baadaye

"Fundi, pedali imekataa."

"Imekataa, au umeilazimisha?"

"Nimeilazimisha kidogo tu."

Hiyo "kidogo tu" ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Wiki haipiti bila mtu kuniletea krenki, ule mkono unaoshika pedali, iliyolika thredi hapa kibandani Maweni, Malindi, na karibu kila mara kosa ni lile lile. Amenunua spea kwa kuangalia na macho.

Na kwetu macho hudanganya kuliko mahali pengine. Mji huu una Black Mamba za Kiingereza na za Kihindi zinazobeba maji na madafu. Una baiskeli za mbio zilizokuja na Waitaliano waliohamia hapa, kisha zikauzwa au zikarithiwa na mtunza bustani. Una pia za mitumba kutoka Japani na Uchina. Chumvi ya bahari ikishazipaka zote rangi moja ya kutu, krenki zake zinafanana kama mapacha. Thredi zake ni mbali kabisa.

## Vitu vya kuwa navyo

Viweke vyote mezani kabla hujageuza baiskeli kichwa chini.

- Kalipa ya vernia, ile ya kubana na kusoma milimita pamoja na nukta zake. Rula peke yake haiwezi kutofautisha 9.0 na 9.5.
- Rula ya chuma yenye inchi na milimita.
- Sampuli: pedali moja nzima na kikombe kimoja kizima cha krenki (ile pete ya chuma yenye thredi inayoshika gololi kwenye fremu) ambavyo vipimo vyake unavijua kwa hakika. Mimi nimezifunga na waya ukutani, haziuzwi.
- Spana nyembamba ya 15 kwa pedali, na soketi za 14, 15 na 16.
- Nyundo nzito, kipande cha bomba la chuma, jiriwa, na tupa laini.
- Bolti ndefu nene yenye nati mbili na washa kubwa.
- Mafuta ya taa, brashi ya waya, grisi, na mafuta ya kulegeza kutu.
- Daftari. Usicheke. Kipimo usichokiandika utakipima tena dukani kwa vidole.

## Hatua ya 1: Safisha, kisha ujue una krenki ya aina gani

Sugua kwa brashi na mafuta ya taa mpaka uone chuma. Kutu na grisi kavu huongeza hadi nusu milimita kwenye kipimo, na nusu milimita ndiyo tofauti yote tunayoitafuta.

Kisha tazama pale mkono wa krenki unaposhika ekseli. Ukiona pini ya mviringo imepita mkononi, upande mmoja ina nati, hiyo ni krenki ya kotapini. Black Mamba karibu zote ziko hivi.

Ukiona bolti katikati, na ndani yake ekseli ya pembe nne, hiyo ni krenki ya ekseli ya mraba. Na kama mikono miwili na ekseli ni chuma kimoja kilichokunjwa kama herufi S, hiyo ni krenki ya kipande kimoja. Utaikuta kwenye baiskeli za Kimarekani na nyingi za watoto.

Umefaulu ukiweza kusema aina yake bila kusita. Hatua zinazofuata zinategemea jibu hilo.

## Hatua ya 2: Pedali

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kuna vipimo vitatu vya kukumbuka.

Cha kawaida ni inchi 9/16, thredi 20 kwa inchi. Ukibana ekseli ya pedali kwa kalipa utasoma karibu 14.2. Waingereza, Waitaliano, Wajapani na Wahindi wote wanatumia hiki.

Cha Kifaransa cha zamani ni milimita 14, na kutoka thredi moja hadi nyingine ni 1.25. Kalipa itasoma karibu 13.9.

Cha krenki ya kipande kimoja ni inchi 1/2, thredi 20 kwa inchi. Utasoma karibu 12.6, na hiki hata jicho linakiona.

Hatari iko kati ya viwili vya kwanza. Pedali ya Kifaransa ikiingia kwenye krenki ya 9/16 inaingia vizuri, tena inapendeza, halafu inacheza. Ukifika daraja la Sabaki na mzigo wa mkaa inatoka na thredi zake. Kinyume chake, pedali ya 9/16 kwenye krenki ya Kifaransa inauma mwanzoni kisha inakaza. Ndiyo ile "imekataa".

Krenki ya Kifaransa inaweza kuokolewa. Mwendo wa thredi hizo mbili, yaani kutoka thredi moja hadi nyingine, unakaribiana sana, kwa hiyo ukipitisha tepu ya kuchonga ya 9/16 ndani ya tundu, inapanuka na kukubali pedali za kawaida. Lakini mkono wa kushoto unahitaji tepu ya thredi ya kushoto. Ukipitisha tepu ya kulia kwenye mkono wa kushoto, umeuchinja.

Hapo tumefika kwenye upande. Pedali ya kulia ina thredi ya kawaida, ya kushoto ina thredi ya kinyume. Isimamishe ekseli wima mbele ya uso: mistari ikipanda kuelekea kulia, ni ya kulia, ikipanda kuelekea kushoto, ni ya kushoto.

Herufi pia zinasaidia, ila soma kwa lugha yake. Za Kiingereza ni R kwa kulia na L kwa kushoto. Za Kifaransa ni D na G, na za Kiitaliano ni D na S. Kwa hiyo D ni kulia kote kuwili. S ya Mwitaliano ni kushoto, wala haina uhusiano na saizi, ingawa kijana mmoja alinibishia nusu saa kwamba S ni "small".

Kwa nini kushoto kugeuzwe? Shika penseli kwa ngumi iliyolegea, kisha zungusha ncha yake kama unachora duara hewani. Utaona penseli yenyewe inajiviringisha kinyume cha duara. Ekseli ya pedali inafanya hivyo hivyo ndani ya krenki, kidogo kidogo, kwa kila mzunguko wa mguu. Thredi ya kinyume inazuia pedali ya kushoto isijifungue njiani.

Umefaulu: pedali iliyopakwa grisi inaingia kwa vidole vitatu, bila spana, angalau mizunguko minne. Ikikwama kabla ya hapo, toa. Usitafute bomba la kurefusha spana.

## Hatua ya 3: Kotapini

Kotapini ni kitu kidogo cha bei rahisi kinachoweza kula ekseli na mkono wa krenki kwa mwezi mmoja.

Pima tundu la krenki na sehemu ya mviringo ya pini, siyo ile iliyochongwa bapa. Za Kiingereza ni 9.5, yaani inchi 3/8. Baiskeli nyingi za bara la Ulaya zilitumia 9.0, na zipo za 8.5. Dukani mara nyingi zimechanganywa kwenye kopo moja.

Pini ya 9.0 kwenye tundu la 9.5 itazama hadi mwisho wa thredi zake na nati itakaza, lakini itakuwa imekaza hewa. Najua mtindo wa kukata kipande cha kopo la soda na kuizungushia. Unatosha kukufikisha nyumbani. Baada ya hapo ekseli inaanza kuchongeka, na ekseli ni ghali kuliko pini mia.

Kuitoa. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudi asubuhi. Kwa hewa yetu hii, usiku mmoja ni wa chini kabisa.

Legeza nati mpaka uso wake ulingane na ncha ya pini, usiitoe yote. Nati ndiyo inayolinda thredi zisipanuke kama uyoga.

Kata bomba la chuma la urefu wa kutoka sakafuni hadi chini ya mkono wa krenki. Mkono ukalie bomba, na kichwa kinene cha pini kielekee ndani ya tundu la bomba. Bila bomba hilo, kila pigo linashuka moja kwa moja kwenye gololi na vikombe na kuviachia vishimo. Baada ya wiki krenki inanguruma na mwenye baiskeli anasema gololi zilikuwa feki.

Piga pigo moja la haja, wima. Mapigo kumi ya woga hupinda pini, na pini iliyopinda inabidi itobolewe kwa keekee, kuanzia na ncha nyembamba. Kama jiriwa yako inafika, ni bora kuliko nyundo: bana polepole, soketi ikiwa upande wa kupokelea kichwa.

Kuirudisha. Pini mpya mara nyingi huhitaji tupa. Ule ubapa lazima ulale wote juu ya ubapa wa ekseli. Paka masizi ya koroboi kwenye pini, isukume, itoe, tazama palipofutika. Chonga kidogo pale palipofutika tu, rudia. Hii kazi haina haraka; mimi huifanya na kikombe cha kahawa pembeni.

Pini mbili zipelekwe kwa mwelekeo ule ule kwa kila mkono. Mkono mmoja ukiwa juu na mwingine chini, nati moja itatazama mbele na nyingine nyuma. Zikitazama upande mmoja, mikono haitakuwa kwenye mstari mmoja, na mpanda baiskeli atahisi kama anachechemea.

Usiivute pini ndani kwa kukaza nati. Thredi zake ni laini, zitalika. Igonge au ibane kwanza, mkono ukiwa juu ya bomba, halafu nati ije kuishikilia tu.

Umefaulu: ncha mbili zimetokeza sawa, mikono imenyooka, na ukishika pedali kutikisa husikii "tik". Irudie baada ya siku mbili tatu za kuendesha. Pini mpya hukaa, na nati italegea robo mzunguko.

## Hatua ya 4: Bomba la krenki na vikombe vyake

Hii ndiyo hatua iliyoniponza mimi mwenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa.

Anza na upana wa lile bomba fupi chini ya fremu ambamo ekseli inapita. Pima chuma cha fremu tu, usihesabu ukingo wa kikombe. Ukipata 68, kuna uwezekano mkubwa ni kipimo cha kawaida cha Kiingereza, au cha Kifaransa. Ukipata 70, fikiria Italia. Ukipata 71 au 76 kwenye Raleigh ya Nottingham, shika breki, kwa sababu kiwanda hicho kilikuwa na thredi yake.

Sasa toa kikombe cha upande usio na cheni. Kinafunguka kinyume cha mshale wa saa kwenye mifumo yote hii, kwa hiyo ndicho salama kuanza nacho. Kipime kwa nje.

- Kiingereza cha kawaida: inchi 1.37, thredi 24 kwa inchi. Kalipa karibu 34.8.
- Raleigh ya zamani: inchi 1 3/8, thredi 26 kwa inchi. Kalipa karibu 34.9.
- Kifaransa: milimita 35, mwendo wa milimita 1.
- Kiitaliano: milimita 36, thredi 24 kwa inchi.

Kiitaliano utakijua papo hapo, 36 haifichiki. Lakini tazama tena hivyo vitatu vya kwanza. Kalipa yenye chembe ya mchanga haiwezi kukuambia kitu. Lazima usome thredi zenyewe.

Miaka iliyopita mzee mmoja aliniletea Raleigh ya kwenda nayo shambani. Nilikuwa na kikombe kipya cha thredi 24. Kikaingia mzunguko wa kwanza, wa pili, na nusu, laini kwa grisi. Kikakaza. Nikasema kutu. Nikaweka bomba kwenye spana. Kilichotoka kwenye fremu kilikuwa nyuzi za chuma zinazong'aa, zimejikunja kama nywele za kinyozi. Nilimlipa mzee fremu nyingine, na ile sasa ni nguzo ya banda la kuku nyuma ya nyumba.

Kumbe jibu lilihitaji dakika moja. Chukua kikombe chako cha sampuli cha thredi 24, kilaze juu ya kile usichokijua, meno kwa meno, kisha viinue kuelekea dirishani. Kama ni ndugu, meno yanaingiana mwanzo hadi mwisho na mwanga haupiti. Kama kimoja ni 26, meno mawili ya kwanza yataingiana, la tatu litaanza kupanda, na ukifika kama la sita, jino la huyu limekaa juu ya jino la yule na mwanga unapenya.

Usihesabu kwa kuamini nembo. Baiskeli nyingi za Kihindi ni dada wa zile za Kiingereza, lakini dada wawili hawavai kiatu kimoja. Na fremu yenye nembo ya Raleigh inaweza kuwa imeshachongwa upya na fundi aliyenitangulia.

Kikombe cha upande wa cheni. Kiingereza, pamoja na Raleigh, kina thredi ya kushoto upande huu. Kinafunguka kwa kufuata mshale wa saa. Kifaransa na Kiitaliano vina thredi ya kawaida pande zote mbili, hufunguka kinyume cha mshale wa saa. Kuna pia cha Kiswisi, ambacho ni kama Kifaransa ila upande wa cheni ni wa kushoto. Nakitaja ili usishangae siku ukikutana nacho.

Ukikosea upande hapa, unakaza kile unachotaka kufungua. Kwa hiyo pima kikombe cha kwanza kabla hujagusa cha pili.

Kikombe hiki kina ukingo mwembamba na spana huteleza. Pitisha bolti ndefu katikati ya kikombe, kichwa kikiwa nje, washa kubwa kila upande, nati ndani, kaza mpaka iwe kitu kimoja na kikombe. Kisha zungusha kichwa cha bolti. Kwa Kiingereza unazungusha kufuata mshale wa saa, kwa hiyo kadiri unavyovuta ndivyo bolti inavyozidi kubana. Kwa Kiitaliano bolti ingejifungua, ndiyo maana nilikuambia nati mbili: zifunge moja juu ya nyingine.

Nyongeza kwa wenye baiskeli za Kiitaliano: kikombe hicho cha upande wa cheni, kwa sababu hakina thredi ya kinyume, hupenda kujilegeza kwa ule mchezo wa penseli. Kikaze kwa nguvu zako zote, na kikague kila mwezi.

Umefaulu: kikombe kipya kinaingia kwa mkono mtupu zaidi ya nusu ya kina chake. Spana ni ya kumalizia tu.

## Hatua ya 5: Ekseli na gololi

Gololi ni za inchi 1/4, 11 kila upande zikiwa huru kwenye grisi. Ukipata tisa, mbili zimelala ndani ya fremu au mtu alifanya ubahili. Usichanganye za zamani na mpya; mpya itabeba mzigo wote peke yake.

Tazama njia ya gololi kwenye ekseli. Mstari unaong'aa ni sawa, vishimo si sawa. Kabla ya kutupa ekseli, nakili alama zilizogongwa juu yake na upime urefu wote, pia kutoka ukingo wa gololi hadi mwisho kila upande. Upande wa cheni mara nyingi ni mrefu zaidi. Ukiugeuza, cheni inavutwa pembeni.

## Hatua ya 6: Kwa wenye ekseli ya mraba tu

Fungua bolti kwanza: kichwa cha 14 kwa Wajapani wengi, 15 kwa Campagnolo ya Italia, 16 kwa Wafaransa wengi. Halafu hakikisha washa imetoka. Washa iliyobaki ndani imeua krenki nyingi kuliko ajali, kwa sababu kifaa cha kuvuta krenki itoke kinaisukuma hiyo badala ya ekseli, na thredi za alumini zinang'oka.

Kifaa cha kawaida cha kuvuta krenki kina thredi ya milimita 22. Kwa krenki za Kifaransa, Stronglight ya zamani ni 23.35, na TA ni 23. Kifaa cha 22 ndani ya Stronglight kitaingia kikicheza. Kikicheza, simama.

Jambo la mwisho hapa: mraba wa Kijapani ni mnene kidogo kuliko ule wa kiwango cha kimataifa wanaoufuata Waitaliano. Krenki ya Kiitaliano kwenye ekseli ya Kijapani itasimama karibu milimita 4.5 nje ya mahali pake. Itazunguka, ila cheni haitakuwa kwenye mstari.

## Hatua ya 7: Urefu wa mkono na gia ya mbele

Urefu hupimwa kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya tundu la pedali. Inchi 6 1/2 ni 165, inchi 7 ni karibu 178. Mara nyingi umegongwa nyuma ya mkono. Usiweke 165 upande mmoja na 178 upande wa pili, nimeona.

Kwa gia iliyofungwa kwa bolti tano, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi la jirani, zidisha kwa 1.701, upate kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu yote. Ukisoma 84.6 utapata 144, kipimo maarufu cha Campagnolo. Kwa bolti tatu zidisha kwa 1.155.

Gia ya Black Mamba ni ya cheni nene, inchi 1/2 kwa 1/8. Cheni nyembamba ya baiskeli ya gia nyingi haitakaa kwenye meno yake.

## Hatua ya 8: Karatasi ya kwenda nayo dukani

Usiende na maneno "nataka vya Raleigh". Chukua spea ya zamani mfukoni, sampuli ikiwezekana, na karatasi. Hii ni ya baiskeli iliyoondoka kwangu wiki hii kwenda Gongoni, nimeinakili ilivyo:

*Pedali 9/16 × 20, jozi. Kotapini 9.5, nne (mbili za akiba). Vikombe 1 3/8 × 26, bomba 71, upande wa cheni thredi ya kushoto. Gololi 1/4, ishirini na mbili. Ekseli ya zamani nzima, isinunuliwe. Mkono 165, gia 46, cheni nene. Akisema "hii itaingia tu", rudi.*